Hongo ya Mchanga

Dodoma, nyumbani kwa Malogo, upande wa Makole

Kwa dada yangu Nyamizi,

Shikamoo dada. Naitamka kwa sauti hapa nilipokaa, ingawa wa kuitikia ni mbuzi tu. Kifua chako kimeachia, au bado kinakubana asubuhi za kipupwe? Mama mdogo anaiona njia ya kisimani, au sasa anashikwa mkono? Watoto wamekua kiasi gani, na yule wa mwisho ameacha kula udongo? Nauliza mengi kwa mara moja kwa sababu majibu yatakawia kunifikia, na afadhali yaje yote kwa mzigo mmoja. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini ndiyo habari ya barua hii.

Shemeji Petro, wewe unayemsomea, nakuomba usome yote kama nilivyoandika. Nakujua tangu tulipokaa benchi moja shuleni kwa mapadri: pakifika mahali pa kucheka unakohoa, unaruka mstari. Safari hii usiruke. Ukiruka, dada hataelewa kitu.

Ujumbe wako, dada, niliupata kwa yule mchukuzi wa Usoke aliyekuja huku kutafuta kazi ya reli. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti yako kabisa: "Dada yako anasema rudi kama ulivyo, mguu mfupi si ukoma." Nilifurahi. Lakini hujaniona ninavyotembea, na ulichosikia kuhusu kuumia kwangu kilikuwa nusu ya habari, basi nianze mwanzo.

Tulikuwa tunashusha vyuma vya reli kutoka kwenye behewa, upande wa Kikombo. Kimoja kiliteleza kikanivunja paja la kulia. Wenzangu kambini walinifunga vijiti wakanilaza, na walinitendea wema wote waliokuwa nao. Mfupa uliunga, ila uliunga vibaya, ncha moja ikapanda juu ya nyingine, na nilipoinuka mguu ulikuwa umepungua upana wa kiganja. Nikitembea, bega linashuka na kupanda kama la mtu anayetwanga. Kuchekwa si neno. Neno ni kiuno. Nikisimama kitambo kidogo kinawaka moto, na nikishika jembe simalizi tuta moja. Wewe unajua tunavyolima kwetu, watu wamepanga mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Asiyeweza kushika mstari hupelekwa kukaa na wazee kuwinga ndege. Mimi bado si mzee, na wewe ndiye uliyenilea kwa jembe lako baada ya mama kufa. Sitaki kurudi ili unilee mara ya pili.

Hapa Dodoma kuna hospitali ya watu wa reli, na daktari wake ni Mdachi mrefu mwekundu, haongei ila kwa kuamuru, na mikono yake ni misafi kupita kiasi. Siku moja aliniona navuka uwanja wa kituo akaniita. Akanilaza, akanipima miguu yote miwili kwa utepe, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Mimi nakata mfupa. Mimi navuta mguu. Wewe unakuwa sawa."

Sikumwamini. Aliyemwamini ni Athumani, mtu wa Bagamoyo, msaidizi wake, ndiye anayeosha vidonda na kutufasiria maneno. Athumani alinieleza kwamba huko Ulaya wameanza kufanya hivyo. Mfupa hukatwa kwa mshazari, kisha mguu huvutwa polepole, na katika nafasi inayoachwa huota mfupa mpya. Ila hauvutwi wote kwa mara moja, maana mishipa haikubali. Huvutwa nusu, mtu akaachwa apone miezi kadhaa, kisha hukatwa tena na kuvutwa nusu iliyobaki. Katikati mtu anakaa tu anangoja. Mimi sasa niko hapo katikati.

Hakunificha kwamba kabla yangu alikatwa mtu mmoja wa Usagara, kidonda kikaingia usaha, na mtu yule akazikwa. Niliwaza siku nzima, kisha nikakubali.

Habari za kukatwa kwenyewe sina, maana nilikuwa nimenusishwa dawa ya usingizi. Nilipoamka paja lilikuwa limefungwa vitambaa, na msumari umepitishwa kwenye mfupa wa kisigino, umeingia huku ukatokea huku. Kwenye msumari kamba, kamba imepita juu ya kapi miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba unaning'inia mfuko wa turubai uliojaa mchanga. Basi hiyo ndiyo dawa. Mchanga unavuta, mguu unarefuka. Kila daktari alipopita aliongeza mchanga kidogo. Maumivu yake siwezi kukueleza, na sitaki. Nilijifunza kuutazama mguu ule kama wa jirani. Jirani akilia namwonea huruma, kisha nageukia ukutani.

Sasa aingie Malogo. Huyu ni Mgogo wa makamo, mwenye ng'ombe, mwembamba, masikio yametogwa yakarefuka mpaka yanagusa shingo. Yeye ndiye aliyekuwa akileta maziwa hospitalini asubuhi. Siku ya kwanza aliniambia "Mbukwa", ndiyo salamu yao, nikaitikia kama nilivyosikia wengine wakiitikia. Akauliza mimi ni mtu gani. Nikasema Mnyamwezi. Loo, dada! Uso ulimfunguka. Aliweka kibuyu chini akapiga makofi.

"Mtani wangu!" akasema. "Mnyamwezi amelala katika nchi yangu, anakunywa maziwa yangu, na hongo hajatoa!"

Habari hizo babu alikuwa akitusimulia, unazikumbuka. Zamani za misafara ya pembe Wanyamwezi hawakuweza kuvuka Ugogo bila kutoa hongo, ndiyo ushuru wa njia, kwa kuwa maji yote yalikuwa ya Wagogo, na jua la huku halina mchezo. Watu waligombana, wakauana, wakachoka, ugomvi ukageuka utani. Mpaka leo Mgogo akimwona Mnyamwezi anamdai, na Mnyamwezi anamtukana, na hakuna wa kukasirika. Mtani akichukua kitu chako ni chake mpaka ukikomboe. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Nikamjibu: "Hongo ya nini? Maji yenu yana chumvi, hata punda wa baba yangu aliyakataa."

"Punda wa baba yako ndiye aliyekuzaa," akasema, akaenda zake na furaha.

Ikawa hivyo kila asubuhi, na kwa kweli nilianza kumngoja. Mtu akikutukana vizuri, unasahau kisigino.

Kisha daktari akapata habari ya ugonjwa katika kambi za mbele, huko reli inakosogea kuja kwenu, akaondoka pamoja na Athumani. Nyuma alimwacha mfagiaji mmoja mzee, Msandawe asiyesema ila neno moja moja, akamwamuru asiguse kitu chochote kitandani kwangu. Mimi nikaachiwa dawa ya kunituliza. Asubuhi moja nilikuwa nimezama usingizini, Malogo akaingia na maziwa. Akasimama akautazama ule mfuko uliofungwa kwa kamba mguuni mwangu. Dada, unajua alifikiri ni nini? Alifikiri ni mzigo wangu. Tangu utoto wake aliwaona wapagazi wetu wamelala njiani, kila mmoja amefunga kamba ya mzigo kwenye mguu wake, ili mwizi akivuta aamke. Akasema moyoni, huyu Mnyamwezi hata hospitalini haachani na mzigo. Kuuliza hakuuliza, kwa sababu mzigo wa mpagazi hauulizwi una nini. Akaufungua taratibu nisiamke, akautia begani, akaenda na hongo yake.

Nilipoamka yule jirani, mguu wangu, alikuwa amenyamaza. Nikamwuliza mfagiaji mfuko uko wapi. "Sijagusa," akasema, na alikuwa mkweli. Nikadhani ni amri ya daktari, muda wa kuvutwa umekwisha. Siku zile nililala kama mtoto aliyeshiba. Malogo mwenyewe hakuonekana, alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye ardhi ya chumvi, na maziwa yakaletwa na mkewe, Mbeleje, ambaye hana maneno mengi na wageni.

Daktari akarudi. Aliingia na vumbi lake la safari, akaona kamba tupu. Akatoa utepe akapima. Karibu chote tulichokuwa tumekipata kilikuwa kimerudi. Nyama za paja zilikuwa zimeuvuta mfupa ukapanda tena, na mahali pale palikuwa pameanza kushikana.

"Nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Athumani akafasiri, ingawa neno lile halikuhitaji kufasiriwa. Daktari akaongeza kwamba aliyeuchukua mfuko atapelekwa bomani apigwe viboko, hamsa ishirini.

Saa ile ile nikasikia sauti nje ya dirisha. Ni Malogo, amerudi na ng'ombe wake, anatangaza kwa kila anayetaka kusikia: "Mnyamwezi mwongo! Nimefungua hongo, kumbe mchanga! Mchanga nilikuwa sina?" Akacheka mpaka akakohoa.

Daktari hakumsikiliza. Kwake yeye Mgogo anayepiga kelele nje ni Mgogo anayepiga kelele nje. Lakini Athumani alisikia, akanitazama. Nami nikaelewa mara moja mambo yote niliyokwisha kukueleza.

Nikasema: "Ni mimi, bwana. Mfuko uliniuma, nikaufungua."

Daktari akamwuliza Athumani kama mtu aliyelala vile anaweza kufika kwenye kapi. Athumani akasema Mnyamwezi hufika popote. Namshukuru kwa hilo mpaka leo. Daktari akasema maneno marefu kidogo, na Athumani akayafasiri kwa upole kuliko yalivyosemwa: mgonjwa anayefungua dawa kwa mkono wake hafai kukatwa mara ya pili. Mguu ufungwe, mfupa ukauke, nirudi kwetu.

Utaniuliza kwa nini nilijitwika kosa lisilo langu. Dada, utani hauendi bomani. Mtani hashitakiwi kwa serikali, wala kwa mtemi, wala kwa Mungu. Ningemtaja, mguu wangu ungepona na nisingekuwa tena mtu wa kwetu. Sikuwaza sana, maneno yalitoka yenyewe, kisha nikakaa nayo.

Basi waliufunga mguu kwa vitambaa vilivyoloweshwa chokaa yao, vikakauka vikawa vigumu kama gome. Athumani ndiye aliyemweleza Malogo mfuko ule ulikuwa na kazi gani. Aliniambia Malogo aliketi chini pale pale vumbini akaweka mkono mdomoni, akakaa hivyo mpaka jua lilipompata. Kesho yake alikuja na wanawe na machela ya ngozi ya ng'ombe. Nilingoja aseme pole. Hakusema.

"Mbebeni huyu, ananuka," akawaambia wanawe. "Nilidai hongo nikapewa mchanga. Sasa namchukua mwenyewe."

Na hakuwa na namna nyingine. Mtani haombi radhi. Akiomba radhi utani umekufa, na wanaobaki ni mkosaji na mkosewa. Niliyajua hayo kama ninavyojua jina langu, lakini njia nzima ya kuja Makole, machela ikinitikisa, nilitamani aseme tu pole mara moja, hata kwa kunong'ona.

Nyumba yao ni tembe, paa la udongo bapa, ukuta mmoja mrefu umezunguka ua, na ng'ombe wanalala katikati. Nililazwa chumba cha pembeni, karibu na ndama. Hapo ndipo nilipokaa kungoja, na kungoja, dada, ni kazi. Ndani ya ile chokaa ngozi inawasha usiku na mchana, na huwezi kuifikia ila kwa ubua wa mtama. Mbeleje alinichagulia bua jembamba, akalisugua lisinichome, akalichomeka ukutani karibu na kichwa changu. Chakula ni ugali wa uwele na mlenda. Mwanzoni mlenda uliniteleza kabla sijaujua, sasa usipokuwepo nauliza. Upepo wa huku unavuma tangu asubuhi, unaleta vumbi jekundu, na maji yanachimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Mbeleje huondoka na mtungi kabla ndama hawajaamka na kurudi jua limepanda, na maji yale ndiyo aliyoniogeshea.

Malogo hakuacha matusi yake. Aliniita mguu mmoja na nusu. Alijifunza kutembea kama mimi, akizunguka ua huku bega linapanda na kushuka, wanawe wakagaragara kwa kicheko. Mfuko wangu aliutundika darini mbele ya macho ya wageni, na kila aliyekuja alionyeshwa hongo ya Mnyamwezi. Nami nilimwita mwizi wa mchanga, mtu aliyeibia jangwa. Lakini kulikuwa na ng'ombe mmoja mweupe, mwenye maziwa mazito, ambaye hata wanawe hawakuruhusiwa kumkamua kwa ajili yao. Maziwa yake yaliletwa kwangu. Siku niliyouliza kwa nini, Malogo alisema ng'ombe yule ana wazimu na wanataka kuona kama maziwa yake yanaua. Jioni nyingine alikaa mlangoni na zeze lake, akapiga wimbo mmoja tu, mrefu, mpaka nikasinzia. Sikumbuki kama nilimshukuru. Nadhani nilimwambia ng'ombe wanaimba vizuri zaidi.

Chokaa ilipokatwa nilisimama kwa gongo. Athumani alikuja na utepe wa daktari, akanipima. Tulikuwa tumepata upana wa kidole. Kiuno kilikuwa kile kile. Nilijaribu jembe la Mbeleje nyuma ya nyumba, pasipo mtu. Nilirudi ndani nikalala kifudifudi, na siku ile, dada, nililia kama mtoto. Sikuona haya kwa ajili ya ndama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Si siku nyingi zilizopita Athumani alikuja tena, mwendo wa haraka. Akasema daktari ameitwa kwenda pwani, ataondoka kabla ya masika kuanza, na anayekuja badala yake hajui kazi hii ya kuvuta mifupa. Kama ni kukatwa mara ya pili, ni sasa, la sivyo ni basi. Akasema amemwomba daktari mara nyingi, na jibu ni moja, asiyetii hakatwi.

"Mtaje tu huyu Mgogo," akasema. "Mgongo unapona kwa wiki. Mguu huu utakaa nao mpaka kaburini."

Malogo alikuwa pale pale uani, anamtoa ndama kupe. Kiswahili anakijua vizuri kuliko anavyojifanya. Hakuinua kichwa.

Nikasema: "Sina Mgogo wa kumtaja. Nilifungua mwenyewe."

Athumani akaondoka amekasirika. Malogo akamwachia ndama, akaja akasimama mbele yangu. "Basi utabaki hapa," akasema, "unifukuzie kunguru. Mguu mmoja na nusu unatosha kwa kunguru." Akatoka kwenda zizini. Nami nilihisi jambo baya kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mambo haya: nilimchukia. Nilikaa pale nikimchukia yeye na ng'ombe wake wote, mweupe pamoja nao. Usiniambie si vizuri, najua.

Asubuhi mfuko haukuwepo darini, na Malogo hakuwepo nyumbani. Yaliyofuata nayajua kwa kinywa cha Athumani. Malogo aliingia hospitalini bila kubisha, akamkuta daktari anakula. Akauweka mfuko wa mchanga mezani, katikati ya vyombo.

"Hongo nimerudisha," akasema. "Mimi ndiye. Huyu Mnyamwezi ni mwongo tangu tumboni."

Daktari akamwuliza Athumani hongo ni nini, na kwa nini mgonjwa alisema uongo. Athumani akajaribu kumweleza utani. Alieleza mpaka chai ikapoa. Daktari akasema ni upuuzi. Akamwandikia askari amchukue mtu huyu bomani, na wakati wanatoka akasema bila kugeuka: "Yule mwingine aletwe."

Walimrudisha Malogo jioni kwa machela ile ile iliyonileta mimi. Walimlaza kifudifudi chumbani kwangu, kwa sababu ndipo palipo na hewa. Mbeleje akaja na samli, akampaka, na hakunitazama. Wanawe walisimama mlangoni. Ndama hawakupiga kelele, au mimi sikusikia.

Wote walikuwa wananingoja mimi niseme kitu, na mimi nilikuwa na maneno mawili tu mdomoni, pole na asante. Niliyaona yote mawili yatafanya nini. Ningesema pole, angekuwa mtu aliyepigwa kwa ajili yangu. Ningesema asante, ningekuwa mdeni wake maisha yangu yote, na yeye asingeweza tena kunidai hata ugoro. Nilimwangalia mgongo, nikaangalia chini ya mgongo.

Nikasema: "Malogo, nilidhani Wagogo mnatogwa masikio tu. Kumbe na matako!"

(Shemeji, umekohoa. Rudia mstari huo.)

Aligeuza uso ukutani, dada. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, na kicheko kilimwuma, akalia, akacheka tena, akapiga ngumi chini. "Toka nyumbani kwangu," akasema, "punda wewe, mguu mmoja na nusu, toka!" Na Mbeleje, ambaye sijamsikia akicheka tangu nifike, alifunika uso kwa mkono wenye samli. Saa ile nilimpenda mtu yule kuliko nilivyowahi kumpenda yeyote asiyetoka tumbo letu. Nakuambia wewe, yeye sitamwambia.

Nakatwa keshokutwa. Nimekwisha kuoga na kunyolewa. Nikiutazama mguu naona bado ni wa jirani, ila safari hii jirani nimemzoea. Yule mtu wa Usagara namkumbuka pia, sikufichi. Athumani anasema kidonda kikianza vizuri siku za mwanzo hakuna cha kuhofia, nami nimeamua kumwamini kwa kuwa kutomwamini hakunifai kitu.

Nisalimie mama mdogo, mwambie sijasahau togwa yake. Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mjomba mhunzi, mwambie jembe langu asiliguse kwanza. Wasalimie wanao mmoja mmoja kwa majina, kuanzia mkubwa, wasije wakanuniana. Na wewe shemeji, nakushukuru kwa macho yako na kwa uvumilivu wako.

Limebaki moja. Malogo ameapa kwamba nikifa ni yeye atakayenizika, na ataingia kaburini kwanza alale, aone kama Wadachi wamechimba la kutosha mguu mmoja na nusu. Kisha ataleta habari kwenu kwa miguu yake, maana kupeleka msiba ni kazi ya mtani. Basi siku ukiona Mgogo mwembamba anakuja kwa njia ya mashariki, peke yake, amechoka, wewe utajua. Nakuomba usimpokee kwa heshima. Usimtandikie ngozi, usimwambie asante kwa kumtunza ndugu yangu. Atakuwa ametembea mwendo wote ule akiogopa jambo moja tu, kwamba atakuta watu wenye adabu. Kabla hujalia, dada, mtukane. Tukana lolote litakalokujia. Akicheka, mwingize ndani mlie pamoja.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Luhende